Fataki Isiyo Yake: Mwongozo Kamili wa Usalama wa Fataki katika Risasi za Raifo Zilizojazwa Upya

Ninalo ganda moja la risasi ya .375 H&H ambalo nimelihifadhi ndani ya kopo la kahawa nyumbani kwangu hapa Lindi, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu kazi ya silaha, kitu cha kwanza ninachompa mkononi ni ganda hilo. Ukiligeuza kitako juu utaona, katikati ya fataki, yaani kile kikombe kidogo cha shaba kinachowasha baruti, tundu dogo la kutosha kupitisha ncha ya pini ya nguo, na kulizunguka tundu hilo kuna weusi wa moshi ambao haukutoka hata nilipolisugua kwa majivu na limau. Mgeni aliyeipiga risasi hiyo katika kambi moja ya Liwale alikuwa ameijaza mwenyewe kwao Marekani, yaani alitia fataki, baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwisha kupigwa, katika kipindi kile cha 2020 hadi 2022 ambapo fataki ziliadimika madukani. Fataki kubwa za raifo alizikosa, akatumia fataki kubwa za bastola, kwa kuwa ziliingia mahali pake bila kusumbua. Risasi tatu za kwanza zilitoka vizuri pale kwenye shabaha ya kupimia bunduki. Ya nne ilitoboka, gesi ikarudi nyuma kupitia njia ya pini inayogonga fataki, na shavu lake la kulia likajaa vitone vyeusi kana kwamba amepakwa ufuta. Jicho lilipona kwa sababu ya miwani tu.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya wawindaji bingwa, watunza silaha wa kambi, askari wanyamapori na wamiliki wa silaha wenye vibali, hasa wa Liwale, Nachingwea, Masasi na Nanyumbu, ambao hukutana na risasi zilizojazwa upya kupitia wageni, au ambao wamejifunza kazi hiyo katika nchi inakoruhusiwa. Hapa Tanzania umiliki wa silaha na risasi unasimamiwa na sheria iliyotungwa mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Kwa hiyo yeyote asiye na kibali na asome kwa ajili ya kujua kukagua na kukataa risasi mbovu, si kwa ajili ya kujaribu kuzitengeneza.

Hatua ya kwanza: ifahamu fataki yenyewe

Wazee wetu walilijua neno fataki kutokana na gobore, ambako kifuniko kidogo cha shaba huvikwa kwenye chuchu ya bunduki na kugongwa na nyundo. Mafundi wa siku hizi husema praima, lakini kazi ni ileile. Katika risasi ya raifo, fataki ni kikombe kidogo cha shaba kinachokaa katikati ya kitako cha ganda, ndani ya shimo ambalo katika mwongozo huu nitaliita kiota. Ndani ya kikombe kuna chembe ya dawa inayolipuka kwa kugongwa, na juu ya dawa hiyo, katika mfumo wa Boxer nitakaoueleza hapa chini, kuna kipande cha chuma chenye miguu ambacho ndicho fuawe yake. Pini ya bunduki inapobonyeza kikombe, dawa inabanwa kati ya kikombe na fuawe, inalipuka, na moto wake unapita kwenye tundu la moto hadi kwenye baruti.

Watu wengi huishia hapo, wakadhani kwamba kazi ya fataki ni kutoa cheche basi. Ipo kazi ya pili, nayo ndiyo inayolinda uso wako. Baruti ikishawaka, kikombe hicho chembamba ndicho kizibo cha nyuma cha ganda. Risasi ya .375 H&H imewekewa kikomo cha mgandamizo cha pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba, wakati tairi la gari dogo hujazwa pauni thelathini na kitu. Mgandamizo huo wote unakisukuma kikombe kuelekea kwenye bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, na mahali pekee ambapo kikombe hakina chuma cha kukiegemeza ni pale penye tundu la pini. Hapo unene wa kikombe ndio unaoamua kama gesi itabaki ndani ya mtutu au itamfuata mpigaji.

Fataki za raifo ziko za mifumo miwili. Mfumo wa Berdan, uliobuniwa na Mmarekani Hiram Berdan, huweka fuawe kwenye ganda lenyewe na kwa kawaida una matundu mawili ya moto. Mfumo wa Boxer, uliobuniwa na Mwingereza Edward Boxer katika miaka hiyohiyo ya 1860, huweka fuawe ndani ya fataki na una tundu moja katikati. Mulika ndani ya ganda tupu kwa tochi kabla hujafanya lolote: ukiona matundu mawili, liweke kando, kwa maana vifaa vya kawaida vya kujazia vimetengenezwa kwa ajili ya Boxer, na kuyalazimisha maganda ya aina nyingine kunavunja pini ya kutolea fataki na kuharibu kiota.

Hatua ya pili: usiamini kipimo cha kidole

Fataki za Boxer ziko za upana wa aina mbili. Ndogo zina kipenyo cha milimita 4.45 hivi, na kubwa zina milimita 5.33 hivi. Tatizo lote linaanzia hapa, kwa sababu upana huo ni uleule kwa raifo na kwa bastola. Fataki ndogo ya bastola inaingia kwenye kiota cha fataki ndogo ya raifo, na kubwa ya bastola inaingia kwenye kiota cha kubwa ya raifo, wala mkono hautakuonya.

Tofauti iko kwenye unene na kimo. Kikombe cha fataki kubwa ya raifo kina unene wa milimita 0.69 hivi, na cha bastola milimita 0.51. Kwenye zile ndogo, ya bastola ina milimita 0.43 hivi, na ya raifo huanzia 0.51 na kufikia 0.64 kulingana na mtengenezaji. Kimo cha fataki ndogo za aina zote mbili kinakaribiana mno, ndiyo maana ni rahisi kuzichanganya. Lakini fataki kubwa ya raifo ni ndefu kuliko kubwa ya bastola kwa takribani robo moja ya milimita au chini kidogo ya hapo. Tofauti hizi hazionekani kwa macho ya mtu aliyechoka, akifanya kazi kwa taa ya sola saa tatu usiku. Kwa hiyo utambulisho wa fataki ni kasha lake na hauna utambulisho mwingine. Fataki iliyookotwa mezani, iliyokutwa kwenye droo, au iliyoletwa ndani ya karatasi ya nailoni na rafiki mwenye nia njema, haina jina, na fataki isiyo na jina haiingizwi kwenye ganda.

Hatua ya tatu: fahamu kosa lipi huleta madhara gani

Fataki ya bastola ndani ya ganda la raifo ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu mara nyingi halijitokezi mapema. Bastola za .45 ACP, zinazotumia fataki kubwa, zina kikomo cha pauni 21,000 kwa inchi ya mraba, yaani kama theluthi moja tu ya mgandamizo wa raifo niliyoitaja, na kikombe chake kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Ukikitia kwenye raifo, kinaweza kuvumilia mara mbili tatu kisha kikatoboka siku ya joto kali, mgandamizo unapopanda kidogo. Gesi inayopenya hapo ina moto wa kukata chuma: huichimba ncha ya pini na uso wa bolti, na pini iliyochimbika hivyo huwa na ncha kali inayotoboa hata fataki nzuri zitakazofuata. Ndiyo maana bunduki ya yule mgeni hatukuiruhusu ipige tena msimu ule, ingawa kwa nje ilionekana nzima kabisa.

Upo pia upande wa pili wa kosa hilohilo. Kwa kuwa fataki kubwa ya bastola ni fupi, inazama mno ndani ya kiota cha raifo, pini inaifikia kwa shida, na risasi hailii. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, risasi isiyolia ni hatari sawa na ile inayotoboka.

Ukigeuza mambo, ukaweka fataki kubwa ya raifo kwenye ganda la bastola, itachomoza nje ya kitako. Fataki iliyochomoza inaweza kugongwa na bolti au kifungio cha silaha wakati wa kufunga, risasi ikatoka kabla kidole hakijagusa triga. Fataki ndogo ya raifo kwenye bastola haichomozi, lakini ugumu wake huishinda nyundo dhaifu.

Fataki za magnamu zinahitaji maelezo zaidi, maana wengi huzichukulia kuwa ni fataki bora tu za bei ya juu. Hizi hutoa moto mkali zaidi au wa muda mrefu zaidi, na zimekusudiwa maganda makubwa yenye baruti nyingi, baruti za punje za mviringo ambazo ni nzito kuwaka, na mazingira ya baridi kali. Mtu aliyekwisha kufikia kipimo cha juu cha baruti kwa fataki ya kawaida, kisha akabadilisha na kuweka ya magnamu bila kupunguza kitu, anaweza kuvuka kikomo cha mgandamizo. Akifanya kinyume chake, yaani akaweka fataki ya kawaida mahali palipopangwa magnamu, baruti inaweza kuwaka kwa kusitasita, na risasi ikachelewa kutoka. Kanuni ni kwamba ukibadilisha aina ya fataki, au hata mtengenezaji wake, unarudi kwenye kipimo cha kuanzia kilichoandikwa katika kitabu cha vipimo na kupanda upya kidogo kidogo. Kitabu kinapotaja fataki fulani kwa jina na namba, fataki hiyo ni sehemu ya kipimo sawa na uzito wa baruti.

Mwisho ni silaha za nusu-otomatiki ambazo pini yake huelea bila springi, kama AR-15 na SKS nyingi. Kila bolti inapojifunga kwa kishindo, pini huruka mbele na kuigusa fataki kidogo. Ukitoa risasi ambayo haikupigwa kwenye silaha ya namna hiyo, utaona alama ndogo ya kidoti katikati ya fataki. Kikombe laini kinaweza kulipuka kwa mguso huo. Silaha hizi zinataka fataki ngumu, na wapo watengenezaji wanaotoa fataki za viwango vya kijeshi kwa ajili hiyo hasa.

Hatua ya nne: panga meza ili kosa lisipate nafasi

Mezani liwepo kasha moja tu la fataki kwa wakati mmoja. Kabla ya kulifungua, soma kwa sauti yale yaliyoandikwa juu yake: ukubwa, kama ni neno "Rifle" au "Pistol", na kama kuna neno "Magnum". Mimi husoma kwa sauti hata nikiwa peke yangu, na siioni kuwa ni aibu, kwa maana jicho likizoea kasha huacha kulisoma na kuanza kulitambua kwa rangi, na watengenezaji wana rangi zinazofanana. Makasha mengine yote yawe kabatini, si kwenye kona ya meza hiyohiyo.

Fataki zinazobaki mwisho wa kazi zirudishwe kwenye trei yake ya asili siku hiyohiyo. Usizimimine kwenye chupa ya kioo wala kopo la maziwa. Trei ya fataki 100 imetengenezwa ili kuzitenganisha. Zikirundikwa pamoja, moja ikilipuka huziwasha nyingine zote kwa mara moja, na chupa hugeuka kuwa vipande vya kioo vinavyoruka. Vaa miwani ya kinga tangu unapofungua kasha hadi unapolifunga. Usivute sigara, usiruhusu jiko wala mshumaa humo chumbani, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa dawa ya fataki nyingi ina madini ya risasi ambayo ni sumu.

Unapoingiza fataki, isukume kwa nguvu ya taratibu hadi uhisi miguu ya fuawe imekaa chini. Ikikwama, simama. Usiigonge na usiilazimishe. Toa ganda, chunguza kama kiota kina uchafu, au kama ni ganda la kijeshi ambalo kingo za kiota chake zilikunjwa kushikilia fataki ya kwanza na hazijasafishwa. Fataki iliyokaa vizuri inakuwa chini kidogo ya usawa wa kitako, kati ya milimita 0.08 na 0.13 hivi. Pitisha ncha ya kidole juu ya kila moja: unatakiwa uhisi kibonde kidogo. Ukihisi kinundu, risasi hiyo isiende kwenye bunduki.

Kila pakiti iliyokamilika iandikwe tarehe, aina ya fataki na namba ya toleo lake, aina na uzito wa baruti, na aina ya kichwa cha risasi. Siku utakapogundua kosa, karatasi hiyo ndiyo itakayokueleza ni risasi 20 zenye shaka au ni 200.

Hatua ya tano: kagua risasi za mgeni kabla hazijaingia porini

Hili ndilo linalowahusu wengi wetu, maana msimu wa uwindaji unapofunguliwa Julai 1, masanduku hufika kambini pamoja na wenyewe. Muulize mgeni kwa heshima kama risasi zake ni za kiwandani au zimejazwa upya. Pakiti ya kiwandani si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa wengi huyarudisha maganda yaliyojazwa upya ndani ya pakiti za zamani. Angalia kitako: mikwaruzo ya zamani pembezoni, alama za kushikiwa, na fataki yenye rangi mpya kwenye ganda lililofifia ni dalili za kujazwa upya. Kisha muulize ametumia fataki gani. Anayejua kazi yake atakujibu mara moja na kukuonyesha kumbukumbu zake. Anayesema alitumia "zilizopatikana" amekwisha kukupa jibu, na risasi zake zibaki zimefungiwa kambini hata kama amelipia safari nzima.

Zile zilizokubalika zipigwe chache kwenye shabaha, na kila ganda liokotwe na kutazamwa kitako chake. Fataki iliyopigwa vizuri ina shimo laini la mviringo na kingo zake bado zimejipinda kidogo. Fataki iliyobapa hadi kujaza kiota chote, yenye ukingo ulioinuka kuzunguka alama ya pini, yenye tundu, au yenye moshi pembezoni mwake, inakuagiza usimame. Dalili moja peke yake inaweza kutokana na bunduki, kwa mfano tundu la pini lililopanuka, lakini ikiambatana na bolti iliyokuwa nzito kufunguka, usitafute maelezo mengine: mgandamizo umezidi.

Hatua ya sita: risasi inapokataa, inapochelewa au inapotoboka

Ukivuta triga na risasi isilie, mtutu ubaki umeelekea mahali salama, na uhesabu angalau sekunde 30 kabla ya kufungua bolti. Mimi hufundisha dakika nzima. Baruti inaweza kuwa inawaka polepole, na ganda lililolipuka nje ya chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi, hutawanyika kama bomu dogo. Ninajua kwamba mbele ya mnyama anayekuja hakuna atakayehesabu. Ndiyo sababu kazi yote ya kukagua hufanyika kabla, na ndiyo sababu mwindaji bingwa husimama kando na bunduki yenye risasi za kuaminika.

Ukisikia mlio dhaifu kuliko kawaida, usipige nyingine hata kama bolti imefunguka vizuri. Toa bolti, hakikisha chemba ni tupu, mulika mtutu kutoka nyuma. Kichwa cha risasi kikiwa kimekwama humo, risasi ya pili itaupasua mtutu.

Ukihisi upepo wa moto usoni, weka silaha chini ikiwa imeelekea salama, osha macho kwa maji safi mengi bila kuyasugua, na aliyepigwa na gesi apelekwe hospitali hata kama anasema anaona vizuri. Kutoka porini Liwale ni safari ndefu, kwa hiyo isingoje jioni. Bunduki ipelekwe kwa fundi akague pini na uso wa bolti kabla haijapigwa tena.

Jambo moja la pwani ningependa kuliongeza hapa. Risasi za zamani za kijeshi hutumia fataki zenye klorati, ambazo huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu. Kwa hewa yetu ya Lindi na Mikindani, mtutu ulioachwa usiku mmoja unaweza kuamka na kutu. Mafuta peke yake hayaiondoi chumvi; osha mtutu kwa maji ya moto, ukaushe kabisa, ndipo upake mafuta.

Hatua ya saba: zilizokwisha kukosewa

Tuseme umegundua kwamba pakiti nzima ina fataki isiyo yake. Zitenge zote, pamoja na zile unazodhani ni nzuri, zifungie na uandike juu yake kwa herufi kubwa kwamba zisipigwe. Katika nchi inakoruhusiwa na kwa mwenye kibali, kichwa huchomolewa kwa kifaa chake na baruti humwagwa, kisha ganda lenye fataki pekee hupigwa ndani ya bunduki iliyo tupu, mtutu ukielekea kwenye kichuguu au mchanga, masikio na macho yakiwa yamekingwa. Usiisukume fataki hai itoke kwa kugonga. Usitegemee pia kuiua kwa kuiloweka kwenye mafuta. Nyingi hukauka na kulipuka tena. Usizitupe shimoni wala motoni, kwa kuwa watoto wanaookota maganda ya shaba wako kila kijiji.

Hapa kwetu njia ni moja. Orodhesha risasi hizo kwa aina na idadi, toa nakala mbili, na uzipeleke kituo cha polisi kinachosimamia kibali cha silaha hiyo, ukiwa na kibali chenyewe mkononi. Zihesabuni pamoja mezani, nakala yako ipigwe muhuri, kisha uondoe idadi hiyo kwenye daftari la kambi siku hiyohiyo.